Ukitaka kuanzisha kazi ya mazingira ku kiwanda, anza na kaye na ndoo

Leo nataka tuongee juu ya kitu kimoja chenye wengi wetu tunaandikaka ndani ya CV lakini wachache wamekwisha kukifanya: kuanzisha programu ya kulinda mazingira ndani ya kiwanda. Siongelei kupanda miti tarehe 5 ya mwezi wa sita, kupiga picha, kisha kila mutu kurudi kwake. Naongelea kiwanda chenyewe, na machine zake, moshi yake, maji yake machafu, na bosi mwenye anahesabu kila franga.

Mimi nilianza vibaya. Nilipata sitaji ku kiwanda kimoja cha sabuni hapa Bukavu (jina nitaliacha, watu wa pale walinipokea vizuri na wengine bado wako kazini). Wiki ya kwanza nilikaa mu biro nikaandika dokima ya kurasa 14: politiki ya mazingira, malengo, maneno yote mazuri yenye tulifundishwa ku iniversite. Nikaichapisha, nikaifunga vizuri, nikaipeleka kwa Papa Direkta. Akaisoma dakika mbili, akaiweka chini ya telefone yake, akaniuliza: « Mwanangu, hii karatasi inanipunguzia litre ngapi ya mazutu? »

Sikuwa na jibu. Hata sikujua kiwanda kinakula litre ngapi kwa siku.

Usimcheke ule direkta. Bosi mingi wa kwetu akisikia neno « mazingira », kitu cha kwanza chenye anaona mu kichwa ni ajenti na karatasi ya kulipisha. Sheria iko, tena iko nzuri. Konstitisio yetu, artikle 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi fasi yenye mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 njo iliweka misingi, na inalomba kila muradi wenye unaweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi. Kuna Shirika la Kongo la Mazingira, lile tunaitaka ACE, lenye kuangalia huo uchunguzi. Na mwezi wa 12 mwaka wa 2017 ilitoka dekreti ya kukataza sashe za plastiki, kuzitengeneza, kuziingiza na kuziuzisha. Jua hizo zote, ni kazi yako kuzijua. Lakini ukiingia siku ya kwanza na sheria mu mukono, unakuwa sawa na wale wengine wote wenye wamekwisha kupita pale na stampu zao. Direkta atakupa kiti, atakupa soda, na hautaona hata machine moja.

Kwa hiyo niliacha biro. Nilinunua kaye moja ya kurasa 100 na biki, nikalomba ndoo ya litre 20 kwa mama wa usafi, nikaanza kutembea ndani ya kiwanda. Hii njo sehemu yenye sikufundishwa popote, basi nitaielezea polepole.

Anza na kompteri. Kila asubuhi saa moja, mbele watu waingie, andika namba ya kompteri ya umeme, namba ya kompteri ya maji, na kipimo cha mazutu mu tanki ya grupu. Kama tanki haina kipimo, tia fimbo yenye umeiandika alama, sawa watu wa depo wanafanyaka. Jioni andika tena. Usibadilishe kitu chochote wiki mbili za kwanza, andika tu. Siku ya Mungu njo inakufundisha mingi: kiwanda kimefungwa, hakuna mutu, lakini kompteri ya maji inatembea. Sasa ile maji inakwenda wapi?

Kwetu ilikuwa robine moja nyuma ya magasini yenye haikufungika vizuri tangu zamani, na kila mutu alikuwa anaipita. Nikaweka ndoo chini. Ndoo ya litre 20 ikajaa ndani ya dakika 40. Hesabu pamoja na mimi: dakika 40 ni litre 20, saa moja ni litre 30, siku moja ni litre 720, siku 30 ni litre 21.600, ni kusema karibu metre kibe 22. REGIDESO inahesabu kwa metre kibe. Juwa (kile kipande cha mpira ndani ya robine) inauzishwa bei ndogo sana ku soko. Peleka hesabu ile kwa kontabli, usiipeleke kwa direkta. Kontabli ana faktire zote mu kabati, na akikuelewa anakuwa rafiki yako wa kwanza mu ile nyumba.

Kisha grupu. Hapa mujini umeme inakatika, unajua, na kiwanda kinawasha grupu. Litre moja ya mazutu inatoa karibu kilowati-saa 3 ya umeme ku grupu yenye inatumika vizuri, na inatupa hewani karibu kilo 2,7 ya ile gazi ya CO2. Lakini angalia vizuri saa ya pozi. Machine zimezimwa, watu wako nje wanakula, na grupu inaendelea kunguruma kwa ajili ya ampule mbili na redio ya sentineli. Tuseme grupu inakula litre 12 kwa saa ikiwa na kazi. Ikitembea bila kazi haiwezi kula 12, lakini haiachi kula. Tuseme inakula 4. Saa moja kila siku, siku 26 za kazi, ni litre 104 kwa mwezi zenye zimegeuka moshi na kelele, na CO2 kilo 280. Kama mutu angemwaga litre 104 ya mazutu chini mbele ya direkta, wangemfukuza siku ile ile.

Na ile saa ya pozi njo saa nzuri ya kusikiliza. Kama kiwanda kiko na kompresere ya hewa, omba waiache na presio yake, machine zingine zimezimwa, kisha tembea polepole pembeni ya tiyo. Utasikia fssss. Tundu la milimetre 3 ku hewa ya bari 7 linatupa karibu litre 10 ya hewa kila sekonde, na kompresere inapashwa kutumia kilowati 3 ao 4 kwa kulisha lile tundu tu, muchana kutwa. Pakaa maji ya sabuni juu ya kiungo: fasi yenye inatoka povu, njo pale. Ku kiwanda cha sabuni hautakosa maji ya sabuni.

Shodieri pia. Gusa (hapana, usiguse, sogeza mukono karibu) tiyo za mvuke zenye hazijavikwa kitu. Ile joto yote ni kuni zenye zilikatwa milimani, zikalipiwa, zikachomwa, kwa kupasha moto hewa ya chumba. Maji yenye mvuke inaacha ikipoa, yenye inatoka bado moto, mingi wanaitupa mu kanivo. Irudishe ku shodieri. Wenye kazi hiyo wanahesabuka hivi: kila digri 6 zenye unaongeza ku joto ya maji yenye inaingia, unapunguza karibu asilimia moja ya kuni ao mafuta. Maji inaingia na digri 20, ukiweza kuiingiza na 70, hesabu mwenyewe.

Nyuma ya wiki sita nilirudi kwa Papa Direkta na karatasi moja. Moja, si 14. Mistari minne: fasi, kiasi chenye kinapotea, bei ya kutengeneza, miezi mingapi pesa inarudi. Kontabli alikuwa amekaa pembeni yangu na faktire zake. Siku ile sikutamka neno « mazingira » hata mara moja. Akaweka sahihi.

Kama ningeishia hapa mungesema mambo ni rahisi. Sasa nisimulie penye tulianguka.

Ku kiwanda cha sabuni, wakati wa kukata mibao ya sabuni, inabakiaka vipande vidogo pembeni. Mingi. Katika hesabu yangu ilikuwa « hasara », na ni kweli unaweza kuviyeyusha na kuvirudisha mu sufuria kubwa. Nikaandika ku karatasi, direkta akafurahi, oda ikatoka: kuanzia siku ya kwanza ya mwezi, vipande vyote vinarudi. Wiki moja haikuisha, mambo yakaanza kuharibika. Kaye yangu ikapotea. Robine yenye tulitengeneza ikavunjika tena. Namba za kompteri zenye walikuwa wananiandikia ku ekipe ya usiku zikaanza kufanana siku zote, mutu anakopi tu ya jana. Na ku mulango watu wenye walikuwa wananiita « petit » kwa furaha wakaacha kunisalimia.

Ni ule mama wa usafi njo alinivuta pembeni. Akaniambia: « Mwanangu, wewe unaona bipande ya sabuni. Siye tunaona sukari ya batoto. » Vile vipande, watu walikuwa wanavipeleka nyumbani kila juma tangu miaka. Wengine wanafulia, wengine wanauzisha ku kartie. Haikuandikwa popote, hakuna mutu wa biro mwenye alikuwa anajua bei yake, lakini ilikuwa sehemu ya mushahara. Mimi, kijana wa sitaji mwenye hana hata kontra, nilikuwa nimekata mushahara ya watu wazima wenye umri ya wazazi wangu, na nikaandika juu yake « kuokoa mazingira ».

Niliona haya sana. Nilirudi kwa direkta, na nilikuwa naogopa kuliko ile siku ya kurasa 14. Nilimwambia wazi ya kwamba nilikosea hesabu, kuna bei yenye sikuiweka. Tulizungumza siku mbili, na delege wa wafanyakazi akaitwa. Mwishoni walikubaliana: vipande vinarudi mu sufuria, lakini kila mwisho wa mwezi kila mufanyakazi anapata mibao mizima ya sabuni, kwa listi, na sahihi. Kiwanda bado kilibakia na faida, ndogo kuliko ile niliandika. Kaye yangu sikuipata tena, nikanunua ingine.

Kwa hiyo mbele ya kuita kitu « takataka », uliza nani anakiokota. Makaratasi, mifuko, vyuma, mafuta ya kukaanga, makala ndogo ndogo ya shodieri: kwetu karibu kila kitu chenye kiwanda kinatupa kiko na mwenyewe.

Hii inanileta ku mifuko. Soda kostike inafikaka mu mifuko ya kilo 25. Mifuko mitupu ilikuwa inauzishwa ku soko, na muko na akili, munajua inaishia wapi: inabeba unga wa mihogo, inabeba maharagi. Ile unga mweupe wenye unabakia ku mishono ya mufuko unachoma ngozi, unachoma macho, na mutoto akiuonja unachoma koo. Hapa hakuna hesabu ya faida, bandugu. Kuosha ile mifuko na kuitoboa mbele ya kuitupa kunakula saa za kazi, na kiwanda kinapoteza ile pesa ndogo ya kuuzisha. Nililomba tu, nikaeleza, na kontabli mwenyewe njo alisema inapashwa kufanyika, juu mama yake anauzishaka unga. Programu ya mazingira haiwezi kulipa kila fasi. Wenye wanasema inalipa kila fasi wanawadanganya, na mukirudilia uongo ule mbele ya bosi, siku moja atawashika.

Na maji machafu. Maji ya kuosha sufuria za sabuni iko na soda ndani. Nunua karatasi ya kupima pH, ni bei ndogo, hata ku laboratware ya iniversite wanaweza kukupa kidogo. Kwetu karatasi iligeuka rangi ya 12. Mwongozo wa IFC, ile ya Benki ya Dunia, unasema maji ya kiwanda itoke kati ya 6 na 9. Mutu anaweza kusema kati ya 9 na 12 ni tatu tu. Hapana. Kila ngazi moja ya pH ni mara kumi, basi tatu ni mara elfu moja. Na kanivo ile inateremka moja kwa moja ku ziwa, kupita nyuma ya nyumba za watu.

Siku nilipima ile 12, mutu mmoja wa biro aliniambia kirafiki niandike 8 mu raporo, juu raporo ile inaweza kuonwa na watu wa nje. Nilikuwa nasubiri atestasio ya sitaji. Nilikuwa nasubiri pia, niseme ukweli, kazi. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi niliandika 12, na mustari wa chini nikaandika chenye tunaweza kufanya, na tarehe. Chenyewe hakikuwa kigumu: maji ya kuosha ya leo inatunzwa mu tanki, na kesho njo inayeyusha soda ya mupiko wenye unafuata. Soda yenye tulikuwa tunatupa ikarudi kazini. Maji kidogo yenye inabakia inapita mu shimo la kuzuia mafuta, inapimwa, na kama bado kali inatulizwa mbele ya kutoka. Direkta aliona ile 12. Alikasirika. Lakini aliona pia mustari wa chini.

Pengine unajiuliza kwa nini kiwanda kiangaike hivi, na ziwa ni kubwa. Angalia Ruzizi. Ziwa Kivu liko na mulango moja tu wa kutokea, ni ule muto wenye unatoka hapa kwetu kwenda Tanganyika. Ku mulango ule ule njo kuko baraji ya Ruzizi I, yenye inatumika tangu mwisho wa miaka ya 1950 na inalisha mji. Machupa, sashe, bidoni, vyote vyenye tunatupa mu kanivo vinateremka na mvua, vinaelea, vinakwenda kuziba fasi ya maji kuingilia ku turbini. Watu wa SNEL wanavitoa na mikono na machine, na turbini ikiumia, umeme inakatika. Umeme ikikatika, kiwanda kinawasha grupu. Chupa yenye ilitupwa bure inarudi kwa bosi mu faktire ya mazutu. Nilichora ile njia ku tablo ya atelie, na biki nyekundu, na watu waliicheka kwanza, kisha mukubwa wa machine akasema: « Kumbe siye njo tunajikatiaka moto! »

Kuna mutu mmoja wa Marekani, Ray Anderson, mwenye alikuwa na kompani ya kutengeneza matapi, Interface. Mwaka wa 1994 wakiliya walianza kuuliza kompani yake inafanya nini juu ya mazingira, na hakuwa na jibu, sawa mimi na mazutu yangu. Matapi yake ilitoka karibu yote ku petroli. Aliweka lengo ya kufikia mwaka wa 2020 bila kuharibu, na mwanzo wa kazi haukuwa machine za ajabu. Walianza kwa kuhesabu hasara, na wakasema hasara ni kila kitu chenye umelipia lakini mukiliya hapati faida yake. Ukichukua hiyo sentensi na kutembea nayo ku kiwanda cha mukate, cha bulokeni, cha maji ya chupa, utaona vitu.

Na ISO 14001? Najua, ni neno zuri ku CV. Ilitoka mwaka wa 1996, ikarudiwa 2004 na 2015. Lakini elewa inalomba nini: haikwambii moshi iwe kiasi gani. Inalomba kiwanda kijue chenye kinaharibu, kijue sheria zenye zinakihusu, kiweke malengo, kipime, kirekebishe, na bakubwa waweke sahihi na wafuate. Setifika inalipishwa, na wakaguzi wanarudi. Kiwanda kidogo chenye kinauzisha ku soko ya Kadutu hakina haraka nayo. Kile chenye kinauzisha inje, ndiyo, kitalombwa. Ukiwa na kaye ya mwaka muzima, nusu ya kazi umekwisha kuifanya.

Kwa wenye wanatafuta sitaji sasa: mu barua usiandike « ninapenda mazingira ». Andika ya kwamba unalomba miezi mitatu ya kupima maji, umeme na mazutu, na utatoa karatasi moja na namba. Vaa viatu vya kufungwa. Salimia sentineli wa kwanza, yeye njo anajua usiku kunatokea nini. Na ku atelie usisemeshe watu Kifaransa cha kitabu.

Mimi kazi pale sikupata siku ile. Atestasio nilipata, na namba zangu ziko ndani zote. Nilirudi kusalimia nyuma ya miezi tano. Kaye ilikuwa imetundikwa na kamba pembeni ya kompteri, imejaa mupaka ukurasa wa mwisho, na kwenye jalada walikuwa wameandika hata namba za mwezi ule. Mama wa usafi alikuwa mbele ya mulango ya kontabli, anamudai pesa ya kununua ingine.